Unyoya Chini ya Ulimi

Kitanda cha dirishani kilikuwa kitupu, lakini pamba yake bado ilikuwa na joto.

Bi Gundi aliingiza mkono mpaka kiwikoni, akapapasa, akautoa, akaunusa. Nyegere hunusa kwanza, huuliza baadaye. Ndivyo ilivyoumbwa jamii yake: miguu mifupi, mabega mapana, na mgongo mweupe kama uliomwagiwa chokaa. Jina la Gundi alipewa na wapelelezi wenzake kituoni, kwa kuwa akishika jambo habanduki hata umchape kwa mchi.

"Nani wa kwanza kuona yai halipo?"

"Mimi hapa," alisema Mlezi Mkuu wa Nyumba ya Kuatamia, bata bukini mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Nimekuja kuligeuza, kama tunavyoyageuza yote asubuhi na jioni, nikajikuta nageuza hewa."

"Nani kalitoa?"

"Shangazi yake. Bawabu kamwona kwa macho yake mawili."

"Basi mmeniitia nini? Shangazi ana haki yake."

"Haki anayo. Ila shangazi mwenyewe anaapa kwamba leo hajakanyaga hapa."

Hapo ndipo fundo lilipokuwa. Katika mji ule, yai ni la upande wa baba mpaka siku litakapopasuka. Mama ataruhusiwa kuja, ataliimbia, atalikumbatia mpaka achoke. Lakini kulitoa nje ya geti ni kazi ya shangazi peke yake, na yai likipatwa na baya, shangazi ndiye wa kujibu. Kwa hiyo askari walikuwa wamekwenda kumzoa kwake na kumleta na pingu, naye sasa alikuwa kwenye benchi la ukumbini, akisikika mpaka jikoni.

"Hata kiti chenye mgongo sikupewa! Mimi mtu mzima! Nimeamka, nimefagia, nimemkemea jirani, nimefagia tena. Nilitoka wapi? Nilikwenda wapi? Muulizeni jirani, mpaka sasa analia!"

Huyo ndiye Bi Maneno, kanga mwembamba mwenye madoadoa meupe. Juu ya kichwa chake kishungi kilikuwa kimelala upande mmoja, kama kofia ya mlevi.

Bi Gundi hakumjali kwanza. Alipiga magoti mbele ya kitanda, akapitisha kidole kwenye ukingo wake. Kulikuwa na baka la udongo mwekundu, limekauka, dogo kama ukucha. Alilikwangua kwa kisu, akalifunga kwenye karatasi.

"Uchafu tu huo," alisema Mlezi Mkuu, akiona haya. "Watu wanaingia na viatu."

"Ua wenu una udongo mweusi, mama."

Bata bukini alichungulia uani kupitia dirishani.

"Yai likikosa joto litavumilia mpaka lini?" aliuliza Bi Gundi.

"Jua likishuka, limekwisha."

"Basi tusitazamane kama wachumba."

* * *

Bawabu alikuwa pimbi, mwenye meno mawili marefu na wasiwasi mrefu zaidi. Alisimama penye njia ya kuingilia, ile ambayo kila alfajiri humwagiwa maji ili vumbi lisiwaingie watoto waliokwisha kuanguliwa. Juu ya tope lile zilionekana nyayo za kanga, vidole vitatu mbele, kimoja nyuma, zikiingia, zikitoka.

"Alikuja peke yake?"

"Peke yake, afande. Akaingia, akatoka na kikapu. Mwendo wa taratibu, kama anahesabu kokoto."

"Alikwambia nini?"

"Hakuniambia kitu. Alitikisa kichwa, akapita."

Bi Gundi aliinua uso. "Bi Maneno? Alipita mbele ya mtu, akanyamaza?"

"Nilidhani anaumwa jino," alisema bawabu, na sauti yake ikapungua kadiri alivyosikia maneno yake mwenyewe.

Mtoto wa mji ule hujua kugeuka kabla hajajua kufunga vifungo. Chukua kilichotoka katika mwili wa mtu, uwe unywele, unyoya au gamba, kiweke chini ya ulimi, na mwili wako utakifuata. Kiteme, unarudi ulivyokuwa. Ndiyo maana aliyevaa umbo la mwenzake hasemi: afungue kinywa sawasawa, unyoya udondoke, abaki barabarani nusu kanga nusu mshtuko. Na yapo mambo ambayo unyoya hauwezi. Unakupa sura ya mwenyewe kama alivyokuwa siku ulipotoka mwilini mwake, haukuongezei hata kunyanzi moja la baadaye. Na uzito hauugusi. Bado wanasimulia juu ya kiboko mmoja aliyejigeuza kipepeo kwa vumbi la bawa ili awakwepe wakwe waliokuja kudai mahari. Alitua juu ya kitanda cha baba mkwe. Kitanda kilipatikana chumba cha chini, na baba mkwe akiwa bado amelala.

"Mleteni Bi Maneno," alisema Bi Gundi. "Atembee hapa."

Bi Maneno alitembea, akilalamika kila hatua. Nyayo zake ziligusa tope juu juu tu. Bi Gundi alichovya kijiti katika wayo wake, kisha katika wayo wa asubuhi. Mara ya pili kilizama maradufu.

"Mama, naomba unyoya mmoja. Kwa idhini yako, bawabu shahidi."

"Wa nini? Mnataka kuninyonyoa sasa? Haya, chukua. Chukua wa mkiani, wa kifuani nauhitaji."

Bi Gundi aliung'oa, akauweka chini ya ulimi. Mgongo mweupe ukatawanyika ukawa madoadoa, mabega yakasinyaa, na pale njiani wakawa wamesimama Bi Maneno wawili, mmoja akisema, mmoja kimya.

"Mungu wangu," alisema Bi Maneno halisi, "kumbe nikinyamaza ni mzuri hivi."

Bi Gundi alipita kwenye tope. Nyayo zake zilizama kuliko za kanga, maana nyegere si mwepesi. Lakini alipopima kijiti, bado za mwizi zilikuwa za ndani zaidi. Mwizi alimzidi uzito hata yeye.

Bawabu alikuwa akimkodolea macho. "Ndivyo alivyokuwa," alisema. "Hivyo hivyo, kimya hivyo hivyo. Isipokuwa..."

Bi Gundi alimwashiria aendelee.

"Isipokuwa kishungi, afande. Cha asubuhi kilisimama wima. Hiki kimelala."

Bi Gundi alitema unyoya mkononi, akarudi nyegere, akafuta ulimi kwa kiganja. "Mama, kishungi chako kililala lini?"

"Mwaka juzi! Niliangukiwa na ngazi nikipaka rangi dari, na mume wangu badala ya kuniinua akaiinua ngazi. Sijamsamehe. Bado tunaishi naye, lakini sijamsamehe."

"Basi aliyekuja ana unyoya wako wa kabla ya mwaka juzi. Nani anao?"

"Hakuna! Kila unyoya wangu unaoanguka nauchoma mwenyewe. Nafagia mara mbili kwa siku unadhani kwa nini? Hakuna kiumbe chini ya jua mwenye unyoya wangu ulioanguka."

Alisema hivyo kwa uhakika wa mtu anayejua ufagio wake. Bi Gundi alimwamini, na kuamini kwake kulimsumbua.

* * *

Nje ya geti watu walikuwa wamekwisha kumpata mwizi wao. Mkabala na Nyumba ya Kuatamia kilikuwepo kibanda cha fundi viatu, na fundi viatu alikuwa kenge. Mababu wa kenge walikula mayai. Hilo liko katika hadithi zote, na watu wenye hadithi hawahitaji ushahidi.

"Maganda yako nyuma ya kibanda chake!" alipaza mmoja. "Gunia zima!"

Bi Gundi aliwapasua katikati kwa bega, akasimama mbele ya kibanda. Fundi alikuwa ameketi na kiatu gotini, sindano mkononi, akishona kana kwamba kelele zile ni mvua ya jirani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunikamata au una soli imeachia?"

"Itategemea. Maganda ni ya nini?"

"Naponda unga wa kung'arisha viatu vyeupe. Muulize yule mwenye miwani ya uzi, ndiye anayeniuzia. Mayai yenyewe yananipa kiungulia hata kuyafikiria."

Mlezi Mkuu, aliyekuwa amefuata nyuma akitweta, aliinamisha kichwa. "Ni kweli. Ni ya watoto waliokwisha kuanguliwa. Tunamuuzia sisi."

"Na ulikuwa unawasikiliza hawa wakipiga kelele, umenyamaza?" aliuliza Bi Gundi.

"Sikuulizwa."

Umati ulianza kukumbuka shughuli zake. Bi Gundi alichuchumaa mbele ya fundi. "Asubuhi ulimwona Bi Maneno?"

"Nilimsalimu, hakuitikia. Nikasema leo dunia imepona." Alikata uzi kwa jino. "Lakini mimi, binti yangu, nyuso sizitazami. Mkate wangu uko miguuni. Ile ilikuwa miguu ya kanga, ila ilitua kama nyundo. Na ilikuwa na udongo mwekundu katikati ya vidole kabla hata hajaifikia ile njia yao ya tope."

"Mwekundu."

"Mwekundu wa kufinyangia."

Bi Gundi alisimama taratibu. Alimgeukia Mlezi Mkuu, naye bata bukini akarudi nyuma hatua moja bila kujua kwa nini.

"Kuna jambo jingine ambalo hukuulizwa, mama?"

Miwani ilivuliwa, ikafutwa, ikavaliwa. "Lile yai lilikuwa livunjwe leo adhuhuri. Viza. Siku zake zilikwisha kitambo. Mayai ya kanga wenzake yaliyoingia pamoja nalo, watoto wake sasa wanakimbia uani na kutukanana. Shangazi aliridhia jana."

"Nifanyeje?" alisema Bi Maneno, aliyekuwa amewafuata na pingu zake, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya chini. "Kaka yangu yuko safarini. Wameniambia limekufa. Mtu anakaa na maiti dirishani mpaka lini? Na mama yake ndiye wa mwisho kujua kila kitu, mpaka sasa hata kuja kulia hajafika. Mwendo wake mnaujua."

Ndipo Bi Gundi alipoona njia yote, mwanzo mpaka mwisho, kama mtu aliyewashiwa taa. Yai ambalo kila mtu anasema limekufa halina wa kuliiba. Halina wa kulila, halina wa kuliuza. Atakayelichukua ni mmoja tu: anayejua kuwa li hai.

"Mama," alimwambia Bi Maneno, "nyoya zako zilizoanguka unazichoma. Na ule uliong'oa?"

"Ule upi? Nimekupa wewe sasa hivi, nao..."

Alinyamaza. Hata fundi viatu aliacha kushona ili amtazame.

Katika mji ule, siku ya harusi, dada wa bwana hung'oa unyoya, au unywele, kwa mkono wake, na kumpa bibi harusi. Maana yake ni: wifi, nakuamini hata na sura yangu. Bi Gundi mwenyewe alikuwa na wa kwake nyumbani, wa wifi yake mwenye deni la sufuria.

"Twende," alisema.

"Wapi?"

"Kwa wifi yako."

* * *

Karakana ya mfinyanzi ilikuwa mwisho wa mtaa, penye mashimo ya udongo mwekundu. Vyungu vibichi vilijipanga ukutani. Tanuri lilikuwa limechomwa asubuhi na sasa linapoa, na kando yake lilikuwepo sanduku pana la mchanga, ambamo vyungu hulazwa vikitoka motoni visije vikapasuka.

Mfinyanzi alikuwa ameketi mbele ya sanduku hilo. Alikuwa kobe, mpana, mzito, gamba lake limechakaa kwa moshi, na mkono wake mmoja ulikuwa umezama mchangani mpaka kiwikoni. Hakuutoa walipoingia.

"Karibu, mpelelezi," alisema. Akapumua. "Karibu, wifi."

"Wifi!" Bi Maneno alinyanyua mikono yenye pingu. "Unaona hizi? Unaziona? Mimi nimevalishwa chuma kwa ajili yako! Mtaa mzima..."

"Mama," alisema Bi Gundi. "Umeniahidi njiani."

Alikuwa ameahidi, tena mara kadhaa. Bi Maneno alimeza maneno yake, na ilikuwa wazi kwamba yana miiba.

Bi Gundi alifungua karatasi yake, akaonyesha baka la udongo. "Hili lilikuwa kitandani."

"Ni langu. Nilikuwa nalitia alama yai. Juu." Kobe alisema kama anavyofinyanga, kila neno likizungushwa kabla ya kuwekwa. "Kwetu yai haligeuzwi. Ukiligeuza, mtoto anazama. Nikawaambia: alama hii iangalie dari. Kila nikija, naikuta inaangalia pamba."

"Ulimwambia nani?"

"Mlezi Mkuu. Akasema nyumba yao ina utaratibu. Na kwetu yai halikai siku za kanga. Linakaa. Linakaa sana. Jana nikasikia kwamba litavunjwa."

"Mbona hukuniambia mimi?" Bi Maneno alishindwa kujizuia. "Mimi ni nani? Mimi ni mtu baki?"

Mfinyanzi alimgeukia. "Nilianza kukwambia, wifi. Mara nyingi. Hukuwahi kunyamaza mpaka nimalize."

Tanuri lilitoa mlio mdogo wa chuma kinachopoa.

Bi Gundi alitazama rafuni. Ndani ya kikombe cha udongo ulikuwepo unyoya mmoja, umelowa mate, madoadoa yake yamekolea kama ya ujana. Ushahidi wote sasa ulikuwa ndani ya chumba kimoja: unyoya, udongo, uzito, yai. Mpelelezi mwingine angetoa pingu ya pili. Sheria ilikuwa fupi: kuvaa umbo la mtu bila idhini yake ni kifungo, na mama aliye kifungoni hapewi yai. Litarudishwa Nyumba ya Kuatamia, nako wanalisubiri na nyundo. Swali lilibaki moja, na mtu wa kulijibu alikuwa mmoja. Lakini maswali nayo yana zamu yake. Nyegere hunusa kwanza.

Alifungua pingu za Bi Maneno.

"Piga magoti hapa. Weka sikio."

"Juu ya mchanga? Na kitambaa changu hiki cha..."

"Weka sikio, mama, na ufunge kinywa. Ukisema neno hutasikia."

Mfinyanzi aliufagia mchanga kwa upande wa kiganja, polepole, mpaka ganda likaonekana: jeupe, alama nyekundu juu, ikitazama dari. Bi Maneno aliinama. Kishungi chake kilichopinda kiligusa mkono wa wifi yake, na hakuna aliyejiondoa.

Walingoja. Mtu alipita nje akipiga mluzi, mluzi ukaenda ukapotea. Bi Gundi aliona kidevu cha Bi Maneno kikitetemeka kwa juhudi ya kunyamaza. Pengine ilikuwa safari ndefu kuliko zote alizowahi kwenda.

Tk.

Macho yake yalifunguka. Akangoja. Akangoja tena, mpaka akaanza kukata tamaa.

Tk.

"Mbona polepole hivi?" alinong'ona.

"Kamfuata mama yake," alisema Bi Gundi.

Bi Maneno hakunyanyua kichwa. Chozi lilitoka, likafuata mdomo wake, likaangukia mchangani, na mfinyanzi akalifukia haraka, kwa haraka ya kobe, ili ubaridi usilifikie yai.

"Sasa nauliza," alisema Bi Gundi, akisimama wima. "Nauliza mara moja, na jibu lako nitalipeleka kituoni kama lilivyo. Unyoya ule kikombeni. Uliibiwa, au uliutoa?"

Bi Maneno aliutazama unyoya. Alimtazama mwanamke yule mzito ambaye alipita mjini mchana kweupe akiwa na sura yake, na kwa mara ya kwanza tangu sura hiyo izaliwe, ikapita kimya.

"Niliutoa," alisema. "Kwa mkono wangu, siku ya harusi. Uliniuma, na sikulia."

"Kwa masharti?"

"Unyoya wa wifi una masharti gani?"

"Vema. Na yai. Nani alilitoa getini?"

Kanga alijipangusa magoti, akakiweka sawa kitambaa, akanyoosha shingo yake yote.

"Nani tena? Mimi. Bawabu si kaniona kwa macho yake mawili? Shangazi katoa yai la kaka yake, kalileta kwa mama yake penye joto. Kuna kosa? Mnanifunga pingu bure, mnanitembeza njiani kama mbuzi aliyepotea, halafu mnauliza nani katoa! Nitamwona mkubwa wenu. Na yule bata nitamwona. Nyundo! Atanionyesha hiyo nyundo!"

"Na kishungi?" aliuliza Bi Gundi. "Bawabu anasema asubuhi kilisimama wima."

"Asubuhi kilisimama," alisema Bi Maneno. "Kishungi ni changu. Kinasimama kikitaka."

Bi Gundi alichukua pingu zake, akazitia mfukoni. Mlangoni aligeuka. Kobe alikuwa amerudisha mkono mchangani, na kando yake Bi Maneno alikuwa amevuta kigoda, amekaa, amefungua kinywa kuendelea. Kisha akamtazama wifi yake, ambaye midomo yake ilikuwa imeanza, taratibu, kutafuta neno.

Bi Maneno alifunga kinywa, akangoja.